Altimeta inasema mita 262, programu inasema 290: niamini ipi?

Swali la msomaji: "Habari mtaalamu. Nina roketi ya bomba la milimita 25, ikiwa na mota ya C6-5 ndani ina gramu 85 kwenye mzani. Nimeiwekea altimeta ya presha inayorekodi mara 20 kwa sekunde. Programu ya OpenRocket, inayokisia safari kabla ya kurusha, iliniambia itafika mita 290, altimeta ikaonyesha 262. Nilipofungua faili kwenye Excel nikakuta kuna mwiba umechomoza juu pale kileleni, halafu nikijaribu kutafuta spidi kwa kutoa mstari mmoja kwenye mwingine napata 40, mara 80, mara 55, haina kichwa wala miguu. Altimeta ni mbovu? Na kama sio mbovu nitajuaje kwa nini haikufika 290? Kivulini ilikuwa nyuzi 25, presha pale chini hektopaskali 1010. Faili la altimeta, faili la OpenRocket na picha ya roketi nimeambatanisha. Na je, niongeze akselerometa, yaani sensa ya mchapuko (spidi inavyobadilika kwa sekunde)?"

Altimeta yako nzima kabisa mkuu, usiitupe. Nimelipitia faili lako mstari kwa mstari na ninachokiona ni safari safi sana ya roketi ambayo imefunikwa na namba moja mbaya. Hiyo 262 sio kweli. Na 290 nayo haikuwa kweli toka mwanzo. Roketi yako ilifika kama mita 250 hivi, na ndani ya hilo faili kuna ushahidi wa kutosha kueleza mita 40 zimeenda wapi, na hapo ndipo utamu wa hii kazi ulipo kwa kweli, maana watu wengi wakirusha wanasoma namba ya kilele wanaiandika kwenye daftari basi, wakati hiyo ndiyo namba yenye faida ndogo kuliko vyote vilivyomo kwenye kumbukumbu ya altimeta. Sehemu yenye mali ni zile sekunde baada ya mota kuzima na kabla ya parachuti kutoka. Pale roketi inapanda yenyewe, hakuna moto unaosukuma, kuna uzito wake na hewa tu, kwa hiyo kila inachokifanya pale ni hewa inakwambia ukweli kuhusu roketi yako. Tutafika huko, ila kwanza tusafishe data.

Altimeta ya presha haijui urefu. Inajua presha tu, halafu inapiga hesabu. Karibu na usawa wa bahari ukipanda mita 8.4 hivi presha inapungua hektopaskali 1, kwa hiyo safari yako nzima ya mita 250 ni tofauti ya hektopaskali 29 tu kwenye hewa yenye 1010. Inashangaza kwamba kijidude chenye ukubwa wa punje ya mahindi kinaweza kuona kitu kidogo hivyo, lakini kinaona, na kinaona vizuri sana tofauti kuliko kinavyojua presha halisi. Chukua sensa ya BMP280 ambayo iko kwenye vifaa vingi vya bei ndogo: presha halisi inaweza kukosea hektopaskali 1, sawa na mita 8 hivi, lakini tofauti ya presha kati ya sehemu mbili inakosea kama 0.12 tu, yaani mita 1. Ndio maana usihangaike altimeta ikikwambia umesimama mita 20 juu ya bahari wakati unajua ni 12. Wewe unataka tofauti kati ya ardhi na juu, na hiyo inaipata.

Sasa huo mwiba. Angalia mistari ya sekunde 7.25 na 7.30, urefu unaruka kutoka 242 kwenda 262 halafu sampo inayofuata (sampo ni kipimo kimoja kilichorekodiwa) unarudi 241. Sampo zako zimepishana sekunde 0.05. Mita 20 ndani ya sekunde 0.05 ni mita 400 kwa sekunde, hiyo ni zaidi ya spidi ya sauti, na roketi yenyewe muda huo imeshafika kileleni, karibu imesimama hewani. Kwa hiyo huo sio urefu, ni baruti ya kusukuma parachuti imelipuka, pua imetoka kwa nguvu na hewa ndani ya chumba cha altimeta ikavutwa kidogo, presha ikashuka kwa sampo moja na altimeta ikadhani imepanda. Mara nyingine inakuwa kinyume, moshi unapenya kwenye chumba presha inapanda na grafu inachomoza kwenda chini. Yote mawili ni ya kawaida sana, na altimeta za bei ndogo ambazo kazi yake ni kukumbuka namba kubwa kuliko zote zinaibeba hiyo namba ya mlipuko na kukuonyesha kwa fahari. Ndio maana mimi siamini kilele chochote ambacho sijaona grafu yake.

Kupata kilele cha kweli usichukue tu sampo kubwa iliyo kabla ya mwiba, kwa sababu nayo ina kelele zake, yaani namba zinacheza juu na chini ya ukweli. Chukua sampo za sekunde 1 hivi kabla ya mlipuko, kwako ni kuanzia 6.25 mpaka 7.25, mwambie Excel apitishe mstari uliopinda wa daraja la pili (parabola) kwenye hizo nukta, halafu soma kilele cha huo mstari. Karibu na kilele ukinzani wa hewa ni mdogo mno kwa hiyo roketi inakwenda kama jiwe lililorushwa juu, na umbo la grafu ya jiwe lililorushwa ndilo hilo hilo. Nimefanya kwenye data yako nimepata 242, kwenye sekunde 7.1.

Lakini 242 bado haijarekebishwa joto, na hili watu wanalisahau kila siku. Ile hesabu iliyomo ndani ya altimeta, yaani urefu ni 44330 mara (1 toa uwiano wa presha ya pale ilipo kwa presha ya msingi, uliopandishwa kwa 0.1903), imejengwa juu ya hewa ya kawaida ambayo chini kabisa ina nyuzi 15 na inapoa nyuzi 6.5 kila kilomita. Wewe ulikuwa na nyuzi 25. Hewa ya joto ni nyepesi, kwa hiyo ili presha ipungue kiasi kile kile lazima upande mita nyingi zaidi, manake siku ya joto altimeta inakupunja na siku ya baridi inakuzidishia. Rekebisho lake jepesi: geuza joto liwe Kelvini, 25 jumlisha 273 ni 298, gawa kwa 288 unapata 1.035, zidisha safu yote ya urefu kwa hiyo namba. 242 inakuwa 250. Mita 8 zimetoka kwenye joto peke yake! Tumia joto la hewa ya kivulini, sio joto ambalo altimeta imerekodi, kwa sababu roketi ikikaa juani kwenye fimbo ya kurushia chumba chake kinapata moto kuliko hewa ya nje na ukitumia hilo joto utazidisha kupita kiasi. Na ukirushia sehemu ya juu, tuseme mita 1500 kutoka usawa wa bahari, na altimeta inatumia 1013.25 kama msingi wake, usigawanye kwa 288, gawa kwa joto ambalo hewa ya kawaida ingekuwa nalo pale, ambalo ni nyuzi 5 hivi, yaani 278.

Haya, spidi. Ulichofanya kina mantiki kabisa, spidi ni tofauti ya urefu gawanya kwa tofauti ya muda, tatizo ni kelele. Data yako ina kelele ya kama nusu mita, sampo moja imekaa nusu mita juu ya ukweli inayofuata nusu mita chini, tayari una mita 1 ya uongo, gawa kwa sekunde 0.05 unapata uongo wa mita 20 kwa sekunde. Ndio hizo 40 na 80 zako, spidi ya kweli pale ilikuwa karibu na 60. Na ona kitu kingine hapo, ukinunua altimeta inayorekodi haraka zaidi ukaendelea na hesabu hiyo hiyo spidi zitazidi kuwa mbaya, sio kuwa nzuri, maana unagawa kelele ile ile kwa muda mdogo zaidi.

Dawa ni kutumia nukta nyingi kwa pamoja. Excel ina fomula ya SLOPE, ipe nukta 11 za urefu na nukta 11 za muda, yaani dirisha la nusu sekunde, jibu liweke kwenye mstari wa katikati wa hizo 11, halafu burura fomula kwenda chini. Grafu ya spidi itatulia hutaamini. Ila kuna sheria moja ambayo ukiivunja umeharibu kila kitu: dirisha lisivuke tukio. Lisivuke pale mota inapozima, lisivuke mlipuko wa parachuti. Ukilainisha data juu ya pale mota inapozima unachanganya sehemu ya kusukumwa na sehemu ya kupanda yenyewe, na spidi kubwa kuliko zote, ambayo iko hapo hapo, inakatwa kichwa. Kwa mota yako moto unakaa kama sekunde 1.9, kwa hiyo dirisha la kwanza la kupanda lianzie sekunde 2 na jibu lake ni la sekunde 2.25.

Na muda wenyewe uwe na uhakika nao. Altimeta nyingi zinaanza kuhesabu pale zinapogundua roketi imeondoka, na kugundua kwenyewe ni mpaka ifike mita kadhaa juu. Zilizotengenezwa vizuri zinatunza sampo za nyuma kidogo zinaziunganisha kwenye faili, yako inafanya hivyo nimeona mstari wa bapa mwanzoni. Kama haifanyi, sekunde 0 ya faili sio sekunde 0 ya roketi, spidi hazitadhurika lakini kila utakachosema kuhusu muda wa mota kitakuwa na kosa.

Sasa tufike kwenye mali yenyewe. Baada ya kurekebisha joto na kupitisha SLOPE, data yako inasema sekunde 2.5 roketi ilikuwa na spidi ya mita 60 kwa sekunde, na sekunde 3.0 ilikuwa na 50. Imepoteza mita 10 kwa sekunde ndani ya nusu sekunde, yaani inapunguza kwa 20 kila sekunde. Uzito wa dunia unachukua 9.8 kati ya hizo, hilo halina mjadala. Zilizobaki, 10.2, ni hewa. Hakuna mtu mwingine pale wa kuzichukua! Roketi wakati huo ina gramu 74 kwa sababu baruti ya kusukuma imeshaungua gramu kama 11, kwa hiyo kani ya ukinzani ni 0.074 mara 10.2, nyutoni 0.755.

Kutoka hapo kwenda kwenye Cd, yaani namba inayosema umbo la roketi linakinzana na hewa kiasi gani, ni hatua moja. Uzito wa hewa kwa kila mita ya ujazo unaupata kutoka presha na joto, paskali 101000 gawanya kwa (287, namba maalumu ya hewa, mara 298) unapata kilo 1.18. Usitumie 1.225 ya vitabuni kwa mazoea, ukirushia sehemu ya juu yenye presha ya 850 na joto hilo hilo hewa inakuwa na kilo 0.99 tu na jibu lako lote litakuwa na kosa kubwa. Eneo la mbele la bomba la milimita 25 ni mita za mraba 0.00049. Spidi ya katikati ni 55. Cd ni mara mbili ya kani, gawanya kwa uzito wa hewa mara spidi ya mraba mara eneo: 1.51 gawanya kwa (1.18 mara 3025 mara 0.00049), inatoka 0.86.

Kwenye faili lako la OpenRocket uliloambatanisha pamoja programu ilikuwa inatumia kama 0.6. Hapo ndipo mita 40 zilipo. Ukiilazimisha OpenRocket itumie 0.86 inakupa kitu cha karibu 250, namba ile ile tuliyoipata kwenye kilele kwa njia tofauti kabisa, kilele kilitoka kwenye sampo za sekunde ya 7 na Cd ikatoka kwenye sampo za sekunde ya 2 na 3, na zimekubaliana. Mimi hili jambo hunifurahisha kila ninapoliona, namba mbili ambazo hazijuani zikisema neno moja.

Usiridhike na nukta mbili lakini. Chora grafu, chini weka spidi ya mraba, wima weka kiasi ambacho roketi inapunguza spidi kwa sekunde, kwa muda wote kutoka 2.25 mpaka karibu na 6. Kama data ni safi nukta zinajipanga kwenye mstari ulionyooka, mteremko wa mstari unakupa Cd na pale unapokata mhimili wa wima lazima pawe karibu na 9.8. Hicho ni kipimo kizuri sana cha uaminifu, kwa sababu 9.8 unaijua kabla ya kuanza. Ikitoka 9.5 au 10.2 nenda nayo. Ikitoka 6 au 13 simama, usiandike Cd yoyote, kuna kitu kimeharibika, inawezekana roketi ililala upande sana ikawa inapanda kwa kuinama, inawezekana presha ndani ya chumba ilikuwa inachelewa au inadanganya.

Kuna mtu atauliza, je kama mota ndiyo ilikuwa dhaifu? Swali zuri na data inalijibu. Mota mbili hata za boksi moja hazifanani kabisa. Lakini mota ikiwa dhaifu, roketi inaanza kupanda yenyewe ikiwa na spidi ndogo halafu inapunguza kwa mwendo ule ule wa Cd nzuri. Ukinzani ukiwa mkubwa ndio mteremko unakuwa mkali. Yako imezima mota ikiwa na mita 75 kwa sekunde wakati programu ilitegemea kama 80, na hizo 5 zinaelezeka na ukinzani ule ule uliokuwepo hata wakati wa moto. Mota yako ilifanya kazi yake.

Kwa hiyo sababu iko kwenye mwili wa roketi. Kagua haya: mapezi yako kwenye picha yana kingo za mraba, hujayalainisha mbele wala kuyachonga nyuma, na hapo peke yake kuna ukinzani mwingi. Kile kijibomba cha kupitishia fimbo kinaburuza hewa kuliko ukubwa wake. Kwenye OpenRocket umechagua uso uliong'arishwa wakati roketi yako imepigwa rangi mkono mmoja na nyuzi za mbao zinaonekana. Rekebisha hizo ndani ya programu kwanza uone inakaribia vipi 0.86, kinachobaki ndio ulazimishe kwa namba, maana ukilazimisha kila kitu kwa namba moja hutajifunza kipi cha kurekebisha. Na uzito weka ule wa kwenye mzani ukiwa na altimeta, batri, parachuti na mota vyote ndani, wewe umefanya hivyo tayari na ni vizuri sana.

Nije kwenye matundu ya chumba cha altimeta kwa sababu hapa ndipo data nyingi zinapokufa kabla hazijazaliwa. Presha ya nje inaingia kwa sensa kupitia hayo matundu, na hewa inayopita kwa kasi ina tabia mbaya. Fikiria kwamba kwa spidi ya mita 75 kwa sekunde, hewa ikigonga kitu uso kwa uso presha inaongezeka hektopaskali 33. Hiyo ni sawa na mita 280 za urefu, zaidi ya safari yako yote! Kwa hiyo hata sehemu 1 ya 10 ya hiyo presha ikipenya ndani, altimeta inakosea mita 28. Ndio maana matundu yanakaa ubavuni pa bomba, mbali na pua, angalau vipenyo 4 vya bomba kutoka pale pua inapoishia, na yasiwe mbele tu ya kitu kilichochomoza au nyuma yake. Yawe 3 au 4 yenye nafasi sawa kuzunguka bomba, ili roketi ikiyumba upande mmoja ukipata presha kubwa mwingine unapata ndogo na zinafutana. Matundu 2 ni mabaya, hewa ikija ya upande inapita moja kwa moja. Kingo zake zipigwe msasa laini, nyuzi moja ya karatasi ikisimama pale inatosha kuharibu.

Ukubwa wake: kanuni inayotumika sana ni tundu la milimita 6.35 kwa kila sentimita za ujazo 1639, eneo likipanda na kushuka pamoja na ujazo. Chumba chako cha milimita 25 kwa urefu wa 80 ni sentimita za ujazo 39, hiyo inataka tundu 1 la milimita 1, au 4 za nusu milimita. Kutoboa nusu milimita ni shida, toboa 4 za milimita 1, kuzidisha kidogo hakuna madhara ya maana. Kupunguza ndio kubaya, maana presha inachelewa kutoka. Ikichelewa sekunde 0.1 tu na roketi inakwenda 75, urefu unasomeka mita 7.5 pungufu. Kileleni kosa hilo linajifuta kwa sababu roketi imesimama, lakini katikati ya safari, pale unapotafuta Cd, linakuumiza.

Dalili za matundu mabaya ni mbili za kuangalia haraka: urefu kwenda chini ya sifuri pale roketi inapoondoka, na kigongo au bonde kwenye grafu pale mota inapozima ambalo halieleweki. Faili lako halina hata moja ndio maana nimethubutu kuzitumia spidi zako. Tena funika sensa na kipande cha sponji nyeusi, hizi sensa ndogo za presha zinaathirika na mwanga wa jua, mwale ukipita kwenye tundu ukaigonga namba zinaruka. Na chumba kizibwe kabisa upande wa mota, huo mwiba wako unaniambia kizibo chako kinapitisha kidogo.

Umeniuliza mwishoni kama uongeze akselerometa. Ongeza, lakini ujue inapima nini. Haihisi uzito wa dunia kama unavyodhani. Ikisimama kwenye fimbo inasoma g 1 (g ni ile 9.8 ya uzito wa dunia) kwa sababu jukwaa la chini linaisukuma juu, ikidondoka bure inasoma 0, na ikipanda yenyewe mota imezima inasoma ukinzani wa hewa peke yake, safi, hakuna haja ya kutoa 9.8. Kwa kutafuta Cd hicho ndicho chombo bora kuliko vyote. Lakini sensa nyingi za bei ndogo zinaishia g 16, na C6 mwanzoni inapiga nyutoni 14 hivi, kwa gramu 85 hiyo ni karibu g 17, inapita kidogo. Na B6 inayofika nyutoni 12 kwenye roketi ya gramu 60 ni g 20. Ukiona kilele cha mchapuko kimekatwa bapa kama meza ujue sensa imefika mwisho wake, na ukijumlisha mchapuko kupata spidi utapata pungufu. Kabla ya kurusha isimamishe wima usome, igeuze kichwa chini usome, inatakiwa +1 na -1, wastani wa hizo mbili ndio kosa lake na ulitoe. Kosa la g 0.1 linaonekana dogo, lakini ukijumlisha mara mbili kutafuta urefu kwa sekunde 7 linakuwa mita 24. Kwa hiyo urefu mwachie barometa, mchapuko mwachie akselerometa, usilazimishe mmoja afanye kazi ya mwenzake.

Kwenye faili lako bado kuna mambo mawili ya bure. Mlipuko umetokea sekunde 7.3, mota ilizima 1.9, kwa hiyo ile 5 ya C6-5, yaani sekunde za kusubiri toka mota izime mpaka baruti ya parachuti ilipuke, kwako ilikuwa 5.4, na kilele kilikuwa 7.1, umefungua parachuti sekunde 0.2 tu baada ya kilele. Usibadilishe kitu hapo. Ingefunguka sekunde 2 kabla ya kilele ungepoteza mita 20 za urefu na parachuti ingefunguka roketi ikienda mita 20 kwa sekunde, hapo ndipo kamba zinakatika. Ila ukishapunguza ukinzani kwa kuchonga mapezi roketi itapanda kwa muda mrefu zaidi, kilele kitasogea mbele kidogo na mlipuko utakuja kabla yake, liangalie hilo kwenye programu kabla ya kurusha.

La pili ni kushuka. Mteremko wako ni mita 4.8 kwa sekunde na parachuti ni ya sentimita 30, kwa gramu 74 hiyo inatoa Cd ya parachuti kama 0.75, iko sawa kabisa. Ila kati ya sekunde 30 na 38 mteremko umepungua mpaka 3 halafu ukarudi. Parachuti haijabadilika, hewa pale ilikuwa inapanda, umepita kwenye hewa ya moto. Usiweke sehemu hiyo kwenye wastani.

Sasa rusha tena, roketi ile ile, mota za aina ile ile, bila kugusa mapezi kwanza. Nataka uone Cd inatoka ngapi safari nyingine, kama ni 0.83 na 0.88 basi unajua kipimo chako kinacheza kiasi hicho na tofauti yoyote ndogo kuliko hiyo usiihesabu kama maendeleo. Zamani urefu ulipimwa na watu wawili wenye theodolaiti wamesimama mbali mbali, hesabu zao zikitofautiana zaidi ya asilimia 10 safari inafutwa, wewe una kitu kizuri kuliko hicho lakini bado nidhamu ni ile ile. Halafu ndio uchonge mapezi, kingo za mbele ziwe mviringo, za nyuma zichongoke, rusha tena, na unitumie mafaili yote pamoja na joto la kivulini na uzito wa kila safari.